Mafundo ya Jumamosi

12 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba magoti yamepunguza ukorofi. Mimi sijambo. Mafua yalinishika wiki iliyopita, yakachoka yenyewe yakaniachia. Nimekupigia simu mara nne ikaita weee mpaka ikakata, ndipo nikakumbuka nampigia nani. Basi nimeshika kalamu.

Nitasema moja kwa moja, maana ukiona nazunguka utaiweka barua chini. Tarehe ishirini na tisa mwezi wa sita ule mgomo wa wachapaji unatimiza miaka sabini. Kuna kamati, na kamati imeamua kuweka kibao cha shaba kwenye ukuta wa kiwanda cha zamani cha uchapaji, chenye majina ya waliofungwa. Rasimu ya kibao imeletwa kwetu hapa jumba la nyaraka ili tuhakikishe majina yameandikwa sawasawa. Nimeyahesabu mara tatu. Wako sita. Waliofungwa walikuwa saba, hata kitabu cha shule kinasema saba. Jina la Babu halimo.

Nilimfuata Profesa, mwanahistoria anayeongoza kamati. Si mtu mbaya, ila ana upole unaoudhi. Akaniambia, "Binti, wale sita walitoka baada ya mwaka na nusu. Babu yako alitoka baada ya wiki kumi na nne, na mashine waliyoificha ilikamatwa akiwa ndani. Siwezi kuandika kwenye shaba jina ambalo watu watakuja kulikwangua kwa misumari." Nikamuuliza, ungehitaji nini? Akasema, karatasi. Orodha inafungwa tarehe ishirini Mei.

Shangazi, najua barua alizoandika Babu akiwa gerezani zimo kwenye droo ya cherehani ya Bibi. Baba aliniambia kabla hajafariki. Naomba uzikabidhi jumba la nyaraka, kwa jina la familia. Huku kuna chumba kikavu, kuna milango miwili ya chuma, na kuna mimi. Huko kuna paa linalovuja na panya. Fomu ya makabidhiano naiambatanisha, mahali pa sahihi nimeweka alama kwa penseli.

Ni mimi mwanao,
Bi Karatasi (kama unavyoniita ukidhani sisikii)


27 Januari

Mwanangu Bi Karatasi,

Marahaba. Mimi mzima, magoti yana lao jambo. Paa langu halivuji, linatoka jasho tu. Na panya wa nyumba hii wana adabu kuliko kamati yako.

Kuhusu simu, usinilaumu. Nimekaa miaka thelathini na saba kwenye mtambo wa simu wa posta nikiwachomekea watu waya wazungumze. Nimesikia ndoa zikivunjika na mirathi ikiibwa, yote sikioni mwangu. Tangu nistaafu sisemi jambo la maana kwenye simu. Ukiwa na la maana, lamba stempu.

Wewe ulizaliwa maneno yameshapoa, kwa hiyo acha nikueleze. Baba yangu alikuwa mpanga herufi, zile za chuma, moja moja, kichwa chini miguu juu, na mkono wake ulikwenda haraka kuliko mdomo wa mtu. Mgomo ulipopamba moto waliificha mashine ndogo ya kuchapia karatasi zao. Wakakamatwa wote saba siku moja. Wiki ya tano mashine nayo ikakamatwa. Wiki ya kumi na nne baba akarudishwa nyumbani anakohoa damu, kwa kuwa daktari wa gereza hakutaka afie mikononi mwake. Mtaa haukuiona damu. Uliona katoka mapema, na mashine imekamatwa, ukajumlisha. Nyumba yetu ikaitwa Nyumba ya Mdomo. Nilikuwa na miaka minane. Nikitumwa dukani wananyamaza wote, halafu mmoja anasema kwa sauti ya kunifikia, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Naichukia methali hiyo mpaka kesho. Baba alikufa baada ya miaka miwili, na tuliomzika tulikuwa wanane, watoto tukiwemo.

Mama alijaribu. Wale sita walipotoka, baba akiwa hajiwezi kitandani, aliwapelekea barua moja ambayo naijua kwa moyo, maana mama hakujua kusoma na mimi ndiye niliyemsomea zote. Baba anawaambia wachapaji waliobaki nje: "Nimesikia mmeihamisha mashine. Vizuri. Msiniambie mmeipeleka wapi. Wakinipiga nitasema ninachokijua, kwa hiyo heri nisijue." Wakaigeuza huku na huku. Mmoja akasema haina tarehe, huenda imeandikwa jana. Mama akataka kueleza, wakamwambia mwanamke asiyejua kusoma hawezi kuwafundisha wachapaji habari za barua. Alirudi nyumbani, akaifunga ilivyokuwa, akaitia kwenye droo. Nyumbani kwetu hatukulizungumza tena.

Sasa nimebaki mimi tu. Sitakuficha mwanangu, naogopa. Zikichekwa mara ya pili sijui nitaiweka wapi sura yangu. Lakini nikifa zikiwa kwenye droo, atakayenunua cherehani atawashia moto. Basi nazituma kwa rejesta, zote kumi na moja, vile vile mama alivyoziacha. Fomu nimetia sahihi. Zitunze kama zilivyo.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na hongera kwa ujasiri wako. Zimefika salama! Natumai wewe pia u salama, na paa limekausha jasho lake.

Nilipofungua kifurushi ilibidi nikae kwanza. Hakuna aliyeniambia kwamba ni karatasi za mifuko ya saruji. Profesa anasema wafungwa walikuwa wakijengeshwa ukuta, kwa hiyo ndiyo karatasi waliyokuwa nayo. Kila barua imekunjwa na kukunjwa mpaka ikawa nyembamba na ndefu kama utambi, na kila moja imezungushiwa uzi wa kushonea.

Nimezifanyia kazi wiki mbili, sijui kama nilikula. Nimekata nyuzi zote, maana uzi ukikaa unakata kingo za karatasi. Nimezipa unyevu kidogo kidogo zikalegea, nikazinyoosha chini ya vioo vizito, nikazipiga picha, kila moja nikailaza kwenye jalada lake lisilo na asidi. Kisha nikazipanga kwa kadiri nilivyoelewa maneno, za mwanzo mwanzo huku na za kikohozi kule mwisho. Nyuzi sikuzitupa, sisi hatutupi hata pini. Zimo zote kwenye bahasha moja. Mkuu wa idara yetu, ambaye sifa kwake hutoka kwa tone, amesema huu ni mkusanyo msafi kuliko wote wa mwaka huu. Nilitembea kwenye ukumbi kama bibi harusi.

Ila Profesa hajaridhika. Aliisoma ile ya "Msiniambie" akavua miwani. Kisha akasema, "Kama iliandikwa kabla mashine haijakamatwa, babu yako hakuwa na cha kuwaambia. Mashine ilikuwa imeshahamishwa na hakujua iko wapi. Kama iliandikwa baadaye, basi ni mtu anayejisafisha. Na mimi siwezi kujua, maana haina tarehe." Nimezipekua zote kumi na moja, hakuna tarehe hata moja.

Shangazi, kwa nini Babu hakuandika tarehe?

Mwanao mwenye furaha nusu,
Bi Karatasi


27 Februari

Bi Karatasi,

Mimi mzima.

Baba hakuandika tarehe kwa sababu barua zilitoka gerezani zimeshonewa ndani ya ukosi wa shati, na barua ikinaswa bila tarehe hawajui walaumu zamu ya askari gani. Kila Jumamosi mama alipeleka nguo safi langoni akapewa chafu. Akifika nyumbani anafumua ukosi, anatoa barua, namsomea. Kisha anaikunja ilivyokuwa na kuifunga kwa uzi ule ule aliofumua. Na kwenye uzi anapiga mafundo, moja kwa kila Jumamosi iliyopita tangu wamchukue mumewe. Barua ya Jumamosi ya tatu ina mafundo matatu. Ya tisa, tisa. Mama hakujua kuandika, lakini kuhesabu alitushinda wote.

Nyuzi ndizo tarehe. Ndicho alichotaka kuwaeleza wale wanaume sita wakamnyamazisha.

Na wewe umezikata, ukazichanganya zote kwenye bahasha moja.

Utaniuliza mbona sikukuambia. Nilikwambia zitunze kama zilivyo. Nilidhani mtu aliyesomea karatasi miaka minne hakati fundo asilolifunga yeye. Wanasema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu ndiye wewe.

Usiniandikie kwa sasa.

Shangazi yako


6 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Umeniambia nisikuandikie nami nakuandikia, kwa hiyo ongeza na hilo kwenye makosa yangu.

Sina la kujitetea. Tunafundishwa siku ya kwanza kabisa kwamba mpangilio wa mwenye karatasi hauguswi mpaka umeuelewa. Nilimwona Babu aliyeandika, sikumwona Bibi aliyepanga. Nilijiona fundi kwa kuwa nina vioo na majalada, kumbe fundi alishapita kabla yangu. Nimeliandika kosa langu kwenye ripoti, nikaweka sahihi, nikampelekea mkuu wa idara. Hakufoka. Aliigonga muhuri tu, na ingekuwa heri angefoka.

Nimezitandika zile nyuzi kwenye kitambaa cheupe. Mafundo ni mazima, nilikata upande wa pili. Nina tarehe kumi na moja na barua kumi na moja, na sijui ipi ni ya ipi. Nalia nikiandika haya, na ni saa nne asubuhi, watu wananiona.

Nisamehe.

Mwanao


11 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Wiki ya tano hii hujajibu. Najua u mzima kwa sababu nilimpigia jirani yako muuza vitambaa, akaniambia kila asubuhi unakwenda kununua gazeti na kugombana na anayeliuza. Nikamshukuru Mungu.

Usipojibu hata hii nitaelewa, lakini ni lazima nikwambie. Juzi mpiga picha wetu alitaka kuona mikunjo ya zile barua, akazima taa ya juu, akaweka taa ndogo ubavuni mwa karatasi, chini kabisa, mwanga upite kwa kulala. Tunafanya hivyo kila siku kwa mihuri iliyofutika. Karatasi ya saruji ni nene, Shangazi. Pale uzi ulipopita pamebaki mstari mwembamba ambao haukugeuka rangi. Na juu ya mstari huo kuna vishimo. Yale mafundo yalibanwa kwenye droo miaka sabini, yakajichimbia.

Nikaanza kuvihesabu kwa ncha ya unyoya. Barua ya "Msiniambie" ina vishimo vitatu. VITATU! Jumamosi ya tatu, na mashine ilikamatwa Jumatano ya wiki ya tano. Nilipiga ukelele, mahali ambapo hata kunong'ona ni kosa. Mzee mmoja aliyekuwa akitafuta hati ya shamba aliangusha miwani yake.

Nimezihesabu zote, nikazilinganisha na nyuzi, kila barua ikampata mwenzake. Kosa langu limezibika, ingawa kovu lipo na litabaki kwenye ripoti. Lakini Profesa ni Profesa. Amekubali vishimo, amekubali nyuzi, halafu akasema mafundo yanaweza kufungwa na mtu yeyote, siku yoyote, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Anataka ushahidi kutoka nje ya familia. Amebakisha wiki tano.

Kuna jambo moja sielewi. Mafundo yanakwenda moja, mbili, tatu, halafu tano. Nne hakuna. Nane hakuna. Kumi na mbili hakuna. Wiki kumi na nne, barua kumi na moja. Hizo tatu zilipotea, au Bibi alikosea hesabu? Nakuomba, wewe tu ndiye uliyekuwepo.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikaisoma tena, kisha nikatoka nikazunguka nyumba mara mbili na magoti haya haya. Hasira yangu imekwisha. Ilikuwa imekwisha tangu Machi uliposema unalia mbele za watu, ila nilikuwa naona haya kuwa wa kwanza kuandika. Tabia hiyo nimeirithi kwa baba yangu, na wewe usiirithi.

Mama hakukosea hesabu. Jumamosi ya nne alikwenda langoni akaambiwa wale saba wamo kwenye adhabu, hakuna nguo. Ya nane akaambiwa mumewe kahamishwa gereza jingine, akalia njia nzima, kumbe uongo. Ya kumi na mbili baba alikuwa kwenye wodi ya gereza, hawakuruhusu mtu. Siku hizo tatu alirudi na nguo safi kama alivyokwenda nazo. Na alizifua tena. Nilimuuliza, mama, mbona unafua nguo safi? Akasema zimefika pale langoni, zimechafuka. Hakukuwa na barua ya kufunga, lakini Jumamosi ni Jumamosi, aliihesabu.

Na nikwambie kitu ambacho nimekikumbuka nikiwa nazunguka nyumba. Zile Jumamosi alizopokelewa nguo mama alikuwa akirudi na wino kwenye dole gumba. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsugua kwa majivu, hautoki, nabaki namsugua mpaka ananisukuma. Wino wa nini kwa mtu asiyeandika? Pale langoni palikuwa na askari mwenye daftari kubwa. Kila anayeleta nguo anabonyeza kidole.

Daftari hilo si la familia yetu. Muulize huyo Profesa, magereza wanatupa madaftari yao? Au waliyaleta kwenu huko kwenye milango yenu miwili ya chuma, nanyi mmeyakalia?

Wewe ni mtoto wa kaka yangu. Inuka, nenda katafute.

Shangazi yako


14 Mei

SHANGAZI!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kaa chini kwanza. Umekaa? Habari ya afya utanisamehe, nitauliza mwisho.

Tuliyakalia. Yapo chini ya jengo letu, madaftari ya gereza, yaliletwa kwa lori miaka thelathini iliyopita na hayakuwahi kuorodheshwa. Rafu nne, kutoka sakafuni hadi darini, vumbi la kufukia mtu. Mkuu wa idara alivua koti, akasema, "Kosa lako ni la ofisi, na ofisi ni mimi." Tukaingia wote wawili na mpiga picha, na baada ya siku tatu Profesa naye akaja na kitambaa puani. Siku kumi na sita, Shangazi. Tumefungua daftari la jikoni, la mbwa, la majembe. La lango lilikuwa la mwisho kwenye rafu ya tatu, limegeuziwa mgongo ukutani.

Bibi yumo. Jumamosi ya kwanza: tarehe, namba ya mfungwa, "mke, nguo", na pembeni dole gumba lake. Jumamosi ya pili, dole. Ya tatu, dole. Jumamosi ya nne hakuna dole, kuna neno moja tu, "Karudishwa." Nilimwona Profesa akianza kuhesabu kwa vidole vyake kama mtoto wa chekechea. Ya tano, dole. Ya sita. Ya saba. Ya nane, "Karudishwa." Hapo mpiga picha akaanza kunipigapiga begani. Ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Ya kumi na mbili: "Karudishwa." Kisha mbili za mwisho, dole na dole.

Madole kumi na moja, Shangazi, na barua kumi na moja. Jumamosi alizofungiwa mlango ni zile zile ambazo mafundo yake hayapo. Zaidi ya dole la Bibi, familia yetu haijawahi kuligusa daftari lile, hakuna mtu angeweza kughushi mafundo yalingane na kitabu asichokiona. Na Jumamosi ya kumi na nne kuna karatasi imebanwa, ya daktari wa gereza: mapafu, damu, arudishwe kwake. Hakuna neno la mashine wala la kusaini chochote.

Profesa alikaa juu ya ndoo. Aliomba maji, akanywa, akasema, "Mama huyu aliandika tarehe zote. Sisi ndio hatukujua kusoma." Kisha akanigeukia akaniomba radhi, akasema anakuandikia wewe pia, kwa mkono wake.

Kamati ilikutana jana. Yumo mtoto wa mmoja wa wale sita, mzee wa miaka themanini, mtoto wa yule yule aliyesema huenda barua imeandikwa jana. Mikono yote ilinyooka isipokuwa wake. Akaomba aone daftari. Akaliangalia muda mrefu, akasema, "Mama huyu alikuja kwetu, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni." Akanyoosha mkono wake, wa mwisho. Majina ni saba!

Nimebakiwa na maswali mawili tu. Kwanza, barua sasa zimepangwa kwa mafundo ya Bibi, kila moja na uzi wake pembeni. Je, tuzifungue kwa kila msomaji, au zibaki kwa idhini ya familia? Pili, kwenye zile rafu yapo pia majalada ya upelelezi. Aliyetaja ilipo mashine huenda yumo. Nitafute?

Afya yako vipi? Unakuja mwezi wa sita. Sikuulizi, nakuarifu. Tiketi naikata mimi.

Mwanao, mwenye vumbi hadi kwenye nyusi,
Bi Karatasi


25 Julai

Mwanangu mpendwa, Bi Karatasi,

Nimefika nyumbani salama na bado ni mzima, ingawa safari iliyatia magoti adabu. Natumai nawe umerudi salama kutoka kwenye mkutano wenu wa watu wa nyaraka, na kwamba kuna mtu aliyecheka kwenye mkutano huo angalau mara moja.

Siku ya kibao ulikuwepo, lakini ulikuwa unalia, kwa hiyo nakusimulia ulichokikosa. Mheshimiwa mgeni rasmi alipovuta kitambaa kilichofunika kibao, kilinasa kwenye kona ya chini, pale pale jina la mwisho. Akavuta, kikakataa. Akamtazama Profesa, Profesa akaitazama anga. Basi nikainuka nikakinasua kwa mkongojo wangu. Watu walipiga makofi nikadhani wanacheka, kumbe wamesimama. Yule mzee wa mkono wa mwisho alinipisha kiti chake, akasema, "Dada, tumekukosea." Nilikuwa na jibu la miaka sabini, nimelinoa vizuri. Nikalitafuta sikuliona. Nikamwambia, "Kaa nawe, kiti kinatutosha." Hakikututosha hata kidogo, lakini tulikaa.

Maswali yako nilisema nitayajibu kwa barua. La pili kwanza. Usitafute aliyetaja. Huenda alipigwa mpaka hakujijua, huenda ana binti. Nimeishi nikinyooshewa kidole, na mimi sitamnyooshea mtoto wa mtu. Akija msomaji mwingine akamkuta, ni shauri lake. La kwanza, fungua. Fungua kwa kila mtu, mwenye haja na mwenye umbea, wote waingie wasome.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Nilipokwenda kuomba kazi ya mtambo wa simu nilikuwa na miaka kumi na minane. Kwenye fomu palikuwa na mahali pa jina la baba. Nilishika kalamu, nikaona kila mtu ofisini mle ananiangalia, ingawa hakuna aliyeniangalia. Nikaandika jina la baba wa mama yangu. Hakuna aliyenilazimisha, nilimkana mwenyewe kwa mkono wangu. Miaka sitini nimeitwa kwa jina la mzee ambaye sikuwahi kumwona. Hata fomu yako ya Januari nilitia sahihi kwa jina hilo, nawe ukadhani ni la mume wangu.

Ile siku ya pili, ulipoondoka kwenda mkutanoni, nilikwenda kwenye chumba chenu cha kusomea. Nilitaka kuziona zilivyonyooshwa. Mama wa mapokezi akanipa fomu ya msomaji. Jina kamili. Nikaandika la kwangu na la baba yangu, herufi kubwa. Akalinganisha na kitambulisho, akasema, "Mama, haya majina hayafanani, siwezi kukuruhusu." Akaniomba radhi sana. Kwa hiyo mimi niliyezisoma barua zile kabla ya mtu yeyote duniani nilikatazwa kuzisoma, na sijawahi kukatazwa kitu nikafurahi namna ile. Hana kosa, mpandishe cheo.

Niliporudi huku nikaenda ofisi ya vitambulisho na vyeti vyangu vyote. Bwana wa dirishani akauliza sababu ya kubadilisha jina. Nikamwambia sibadilishi, narudisha. Akasema fomu yake haina kisanduku cha kurudisha, ina ndoa, talaka na kosa. Nikamwambia tia alama kwenye kosa.

Jana kitambulisho kipya kilikuwa tayari. Ukumbi ulijaa, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi. Yule bwana akasimama na kitambulisho mkononi, akaita jina langu na jina la baba yangu, kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote wale. Nilisikia vizuri sana, mwanangu. Masikio yangu hayana shida yoyote. Lakini nilitulia kwenye kiti, mkoba mapajani, kama mtu ambaye hajasikia. Akaita tena, akapaza zaidi. Nikamwacha aite na mara ya tatu, ndipo nikanyanyuka.

Shangazi yako,
binti wa mpanga herufi